Ndege Yenye Madirisha Manane

Jioni ile nilitoka mbio kwenda kununua gundi kabla Fundi Saa hajafunga kibanda chake. Ilikuwa Jumanne. Mama alikuwa na siku kumi na moja bila kula.

Nataja siku kwa sababu mimi ndiye ninayetunza daftari la familia yetu. Nani alizaliwa lini, nani aliugua nini, nani alizikwa wapi. Kazini ni karani wa masjala, na nyumbani ni hivyo hivyo. Mdogo wangu, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, husema kwamba hata siku ya kuzikwa nitainuka nimsahihishe mchimba kaburi vipimo vyake.

Mama hakuwa na homa. Hospitali walimpima kila kitu, wakamtundikia dripu, wakaturudisha nyumbani. Alilala akitazama dari, na ukimletea kijiko anabana midomo. Alikuwa na maneno mawili tu. La kwanza: "Inazunguka. Haijapata pa kutua." La pili alilisema siku niliyopiga magoti kumsihi ale.

"Nikila sitatosha."

"Kutosha wapi, Mama?"

Akafumba macho.

Baba yetu aliondoka na ndege ndogo nilipokuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Redio alikuwa bado tumboni. Ndege ile haikufika ilikokwenda wala haikuonekana tena. Ofisi iliyohusika ilijibu kwa barua, ninayo mpaka leo, kwamba ndege ya namna hiyo haimo kwenye orodha yao. Ya ndege ile tukabaki na picha moja. Baba amesimama mbele ya ndege, anacheka. Nyuma yake mlango uko wazi, na ndani ni giza.

Basi nikafikiri hivi: Mama anasikia ndege, nimpe ndege. Aishike mkononi, aone ni plastiki tu, moyo wake utulie. Lilikuwa wazo la mwisho nililobaki nalo.

Fundi Saa alikuwa akitengeneza saa, lakini chini ya meza alikuwa na makopo ya biskuti yaliyojaa vipande vya ndege za plastiki za kuunganisha, zile ambazo boksi limepotea au nusu ya vipande haipo. Nikamwekea picha mbele yake. Akabana lenzi jichoni.

"Karani, hii umeitoa wapi?"

"Kwenye albamu yetu."

"Haipo hii." Akaisogeza kwenye taa. "Tumbo la ndege ya mizigo. Mabawa ya ndege ya vita, ya zamani sana. Mkia una mapezi matatu. Hakuna kiwanda kilichowahi kutengeneza kitu kama hiki."

"Baba alipanda."

Akaitoa lenzi jichoni. Ukutani saa zilikuwa zikigonga, kila moja na wakati wake. Kisha akainama, akaanza kupekua makopo. Tumbo kutoka kopo hili. Mabawa kutoka lile. Injini mbili ambazo hazikuwa ndugu. Alipomaliza alitia vyote kwenye mfuko pamoja na chupa ya gundi, akaufunga, lakini hakuuachia.

"Ukimaliza, acha kosa moja."

"Kosa gani?"

"Lolote. Tairi la ndege nyingine. Dirisha pungufu. Mimi huacha kila mara."

"Kwa nini?"

"Mfano ukiwa na kosa, unabaki kuwa mfano."

Nikacheka kwa adabu. Yeye hakucheka.

"Fundi, mimi siwezi kuacha kosa."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mara mbili. Acha kosa."

Niliijenga kwa siku tatu, juu ya meza ya chumbani kwa Mama. Tumbo lilikuwa fupi, nikaliunga kwa kipande cha kopo la dawa. Mabawa yalikataa kuingia, nikayachonga kwa kisu na msasa mpaka ncha za vidole zikawa nyeupe. Madirisha manane niliyakata kwenye plastiki angavu ya pakiti za vidonge. Mlango niliuweka kulia, kama picha inavyoonyesha.

"Dada," Redio aliuliza, akitazama injini moja ya kijivu na nyingine ya kijani, "hiyo ndege ina baba wangapi?"

"Shika gundi, unyamaze."

Alishika gundi.

Kila jioni, jua likifika ukingo wa dirisha, Mama aligeukia ukutani. Jioni ya pili na mimi nikasikia. Mngurumo mwembamba, kama nzi ndani ya chupa... unakuja, unakwenda, unakuja. Nikamwambia Redio ni friji.

Friji yetu ilikuwa imeharibika mwezi mzima.

Ijumaa nikamwekea Mama ndege mapajani. Aliigeuza taratibu, akahesabu madirisha kwa ukucha, akapapasa mkia, mabawa, magurudumu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefungua barua ya msiba. Alipofika mlangoni akasimama.

Akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu mwaka uliopita.

"Mlango mmeuweka kulia. Huku hapandi mtu." Akashusha pumzi. "Nipeni uji."

Vijiko vinne. Redio alilia mpaka machozi yakaingia bakulini. Kesho yake vijiko vinne tena, na kesho kutwa yake. Ndege tuliiweka kwenye rafu juu ya kitanda, na mngurumo ukakoma.

Ningeacha hapo. Mtu mwingine yeyote angeacha hapo.

Lakini Mama alisema mlango umekosewa, na picha inasema haukukosewa. Mmoja kati yao alikuwa anadanganya, na jambo hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Alhamisi iliyofuata, mchana, nilitoa picha nikaikagua upya. Mfuko wa shati la Baba, wenye kalamu, uko upande wa kulia wa kifua. Nikatoa picha zake nyingine tatu. Kushoto. Kushoto. Kushoto.

Aliyesafisha picha ile aliigeuza filamu. Miaka thelathini na mitatu tumeitazama kinyume, na mimi, msahihishaji wa wachimba makaburi, sikuona.

Nikajiambia: kama kwa ndege yenye kosa anakula vijiko vinne, kwa ndege iliyo sahihi atamaliza bakuli. Maneno ya Fundi niliyakumbuka. Siwezi kuandika kwamba niliyasahau. Niliyakumbuka, nikachukua kisu, nikang'oa mlango, nikaziba tundu la kulia na kutoboa la kushoto. Mama alikuwa amelala. Redio alikuwa kazini. Nilipopaka gundi ya mwisho jua lilikuwa limefika ukingo wa dirisha.

Nikapasha uji, nikamwamsha, nikampa ndege.

Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kushoto.

Hakucheka.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimesahihisha, Mama."

Harufu ndiyo iliyokuja kwanza. Si ya gundi. Mafuta ya ndege, na chuma kilichopata moto. Kisha pazia likapeperuka kuelekea ndani, na dirisha lilikuwa limefungwa, nililifunga mwenyewe. Mngurumo ukaanza... lakini safari hii haukutoka angani.

Ulitoka mapajani mwa Mama.

Mapangaboi ya injini, niliyoyagandisha kwa gundi, yalikuwa yanazunguka.

Niliinama. Nyuma ya plastiki ya pakiti za vidonge kulikuwa na vichwa. Vidogo, kila kimoja kama kichwa cha kiberiti. Sikuwa nimeweka mtu humo. Nilivihesabu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Saba. Dirisha la nane, lililo karibu na mlango, lilikuwa tupu.

"Baba yako alikuwa anakupeleka kwa bibi yako," Mama alinong'ona. "Mimba ya mdogo wako ilikuwa inanitesa, sikuwa na nguvu za kulea. Wakakufungia kiti kidogo cha mtoto pale mlangoni. Ukalia. Nikakunyakua kwenye ngazi. Baba yako akageuka, akaniambia, 'Haya. Nitarudi kumchukua.'"

"Mama..."

"Kiti ni kidogo, mwanangu. Nilikuwa najinyima nitoshe mimi."

Mlango ukafunguka. Ulikuwa mdogo kuliko ukucha wangu. Mama akausogeza mdomo wake pale pale. "Nichukueni mimi," akasema. "Tazameni nilivyokonda. Nichukueni mimi."

Halafu sauti ya mwanamume, ya upole, ikaita jina. Si jina la Mama. Lilikuwa jina langu la utotoni, ambalo hata kwenye daftari sikuwahi kuliandika, kwa sababu nilikuwa sijui kama niliwahi kuwa nalo. Nilijua tu kwamba ni langu.

Mama alinyoosha mkono anizibe mdomo. Alichelewa.

"Abee," nikaitika.

Mngurumo ukakatika. Harufu ikaondoka. Redio alipoingia alimkuta Mama ameketi, anakula uji kwa kijiko kikubwa, machozi yakimdondoka, na hakuweza kujizuia kula. Alimaliza bakuli. Akaomba jingine.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Mama anatembea, anafua, amenenepa. Mimi chakula hakipiti. Kila jioni naung'oa ule mlango kwa koleo na kuugandisha kulia, na kila asubuhi naukuta kushoto, gundi imekauka vizuri, kazi safi kuliko yangu. Nilikwenda kwa Fundi Saa. Kibanda kina kufuli, na majirani wanasema amehama. Ndani saa bado zinagonga. Zote kwa pamoja.

Juzi pete ilitoka kidoleni yenyewe. Jana nilivaa sketi yangu ya sekondari, ikanipwaya. Asubuhi ya leo Redio amenisimamisha kwenye mlango wa jiko, pale Mama alipokuwa akituwekea alama za urefu tukiwa watoto. Kwanza alicheka kuona alama yangu ya mwisho iko juu ya kichwa changu. Kisha akapima tena. Hakusema neno, na Redio kutosema neno ni jambo ambalo halijawahi kuandikwa katika daftari hili.

Mama ameketi kando yangu na bakuli. "Fungua mdomo, mwanangu," ananibembeleza. "Kijiko kimoja tu."

"Nimeshiba, Mama."

Jua liko ukingoni mwa dirisha.

Mdogo wangu, daftari sasa ni lako. Nimeandika yote kama yalivyokuwa, tarehe, saa, na nani alisema nini, isipokuwa jambo moja. Humu nimeacha kosa moja, kwa makusudi, mara ya kwanza katika maisha yangu. Usilitafute. Na siku ukiliona, nakuomba, usilisahihishe.