Sauti Haifiki Ntimaru

Bitutu aliuza ndizi sokoni Mbita. Mumewe, Omanga, alikuwa fundi wa ujenzi Ntimaru, na alikuja nyumbani mara moja kila baada ya miezi miwili.

Safari ya mwisho, Omanga alileta spika ndogo. Aliiunganisha na simu yake kwa bluetooth, bila waya. Wiki nzima nyumba ilijaa nyimbo za kwaya yao ya Kisabato. Katikati ya sauti zote, Bitutu aliitambua besi ya mumewe. Kisha Omanga akarudi kazini na simu yake. Spika ikabaki mezani, kimya.

Kila jioni Bitutu aliiwasha. Alidhani siku moja Omanga akifungua nyimbo kule, sauti itafika. Spika ililia tiii, ikanyamaza. Hata hivyo aliiacha ikiwaka huku akimpikia binti yao, Moraa.

Alhamisi moja spika ikazungumza. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Mpenzi, nimekungoja hadi nimechoka. Kesho uje mapema."

Mwiko ulimponyoka Bitutu. Kumbe Ntimaru kuna mtu!

Omanga alipopiga simu, hakuipokea. Siku tatu hakuipokea. Alimtamani na kumkasirikia kwa pamoja. Sokoni alisahau hata kuita wateja.

Jumapili alimpelekea Cate ile spika. Cate alikuwa fundi wa simu, na kibanda chake kilikuwa karibu na meza ya Bitutu.

"Niuzie hii kwa mtu yeyote. Sitaki kuiona."

"Imeharibika?"

"Imenionyesha mambo ya mume wangu."

Akamweleza yote. Cate hakucheka.

"Mama Moraa, Omanga yuko Ntimaru?"

"Yuko."

"Basi sauti hiyo haikutoka kwake. Ngoja nikuonyeshe."

Cate aliunganisha simu yake na spika, akafungua wimbo. "Shika simu yangu, utembee."

Bitutu alitembea. Hatua tano, wimbo uko. Hatua kumi, uko. Alipozunguka ukuta wa duka la mahindi, wimbo ukaanza kukatikakatika, kisha ukanyamaza.

"Umeona? Hata kisiwa cha Rusinga hapo haifiki, sembuse Ntimaru," Cate akasema. "Bluetooth ni mawimbi ya redio yenye nguvu kidogo. Inaunganisha vitu vilivyo karibu, na haitumii bundles za intaneti. Ukipiga simu ndiyo inafika mbali, kwa sababu inapitia kwenye minara."

"Na yule mwanamke?"

"Nani mwingine amewahi kuunganisha simu yake hapa?"

Bitutu akafikiri. Levi! Jirani wa chumba cha pili, ukuta wa mbao tu. Wiki ile Omanga alipokuwa nyumbani, Levi naye aliunganisha simu yake na spika, akafungua nyimbo zake.

"Spika hukumbuka simu inazozijua," Cate akasema. "Ya Omanga ilikosekana, ikaishika ya Levi. Yeye alifungua ujumbe wa mchumba wake, ukasikika kwako."

Cate akafuta simu zote kwenye kumbukumbu ya spika. "Na simu yako ikikuuliza kama unakubali kuunganishwa na mtu usiyemjua, kataa. Ukimaliza kutumia, zima bluetooth."

Bitutu alimpigia Omanga palepale.

"Nisamehe, Baba Moraa." Akamsimulia.

Omanga akasema, "Siku tatu nimedhani mmepatwa na jambo. Nilikuwa nimeomba ruhusa nije."

Neno "njoo" lilimfika Bitutu mdomoni. Akalimeza. "Maliza kazi kwanza," akasema. "Lakini niimbie."

Jioni Omanga alituma wimbo kwa WhatsApp, kwenye simu ya Cate. Cate akauhamisha kwa bluetooth hadi kwenye kabambe ya Bitutu, simu ndogo ya vitufe isiyo na WhatsApp, simu zikiwa kando kwa kando. Kisha akaiunganisha kabambe na spika.

Omanga alikuwa ameimba peke yake. Hakukuwa na kwaya, besi tupu tu, ikipanda na kushuka, ikiacha nafasi za wengine. Nyumbani, ubeti wa kwanza Bitutu aliusikiliza akiwa amesimama. Wa pili, akazijaza nafasi zile kwa sauti yake, huku akimenya ndizi.