Kitufe Kisichofikika

Kilichoibwa hakikuwa na uzito. Ilikuwa nafasi ya upasuaji wa moyo, ya binti wa miaka sita, na iliibwa mchana kweupe watu wakiwa wanakula.

Mama wa mtoto alifika asubuhi na begi la nguo na mdoli, akaambiwa jina la mwanawe limefutwa kwenye tovuti ya miadi. Daktari bingwa aliyesubiriwa kwa miezi alikuwa anaondoka keshokutwa. Yule mama hata hakupiga kelele. Aliketi sakafuni kimya, mbele ya meza ya mapokezi, na kimya hicho ndicho kilichomfanya mkurugenzi wa hospitali awapigie polisi.

Inspekta alipofika, mshukiwa alikuwa keshapatikana. Hakupenda. Kesi ikiletwa imeshapikwa, yeye huionja chumvi kwanza.

"Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha akaunti yake," alisema mkurugenzi, akimwelekezea kidole mpokea simu. Dada huyo alikuwa kipofu, na hospitali nzima ilimwita Dada Sauti. "Tena jana saa ile ya chakula alikuwa peke yake. Nesi anayekaa naye alikwenda kula."

"Dada, ulifuta miadi ya mtoto?"

"Sikufuta, afande. Hata ningetaka, nisingeweza."

"Kwa nini?"

"Mimi natumia kibodi tu. Kompyuta inanisomea yaliyo kwenye skrini, nami nasikiliza. Lakini kitufe cha kuthibitisha, uwe unaandika au unafuta, sikipati ng'o! Kila mara namwita nesi anibonyezee. Nimelalamika mpaka nimechoka."

"Uongo huo," alidakia fundi wa tovuti, kijana nadhifu aliyeegemea mlango. "Tovuti nimeijaribu mwenyewe. Asiyeona anaitumia bila shida."

Dada Sauti aligeuza uso. "Afande, nina watoto. Nikitoka hapa na doa la kumnyima mtoto wa watu uhai, nani ataniajiri tena?"

Inspekta alimgeukia mkurugenzi. "Mtu akifutwa, nafasi inakwenda kwa nani?"

"Mfumo unampandisha anayefuata. Ni bibi mmoja, tumemlaza wodini leo asubuhi."

Inspekta alikwenda wodini, akavuta kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari njema hizi nani alikuletea?"

"Nani tena kama si kitinda mimba wangu? Yuko hapahapa, kazi zake za kompyuta. Aliniambia jana mchana, hata chakula kikanishinda kwa furaha!" Bibi alicheka, kisha akatweta kwa muda mrefu. Inspekta alimwekea mto vizuri, na moyo ukamuuma.

Aliporudi, alimwita fundi kwenye meza ya Dada Sauti. Haikuwa na kipanya; nesi huja na chake.

"Kaa. Futa miadi yoyote ya majaribio."

"Nipeni kipanya basi."

"Cha nini? Si uliijaribu?" Inspekta alimfunga kitambaa machoni. "Haya, tumia kibodi."

Fundi alibonyeza Tab, kitufe cha kuhamia sehemu inayofuata, mara kadhaa. Mashine ikasoma: "Jina. Tarehe. Daktari. Rudi mwanzo." Akabonyeza tena. "Jina. Tarehe. Daktari. Rudi mwanzo."

"Kuthibitisha kuko wapi?"

"Kupo. Ni... ni picha. Unaibofya kwa kipanya."

"Na asiyeona?"

Fundi alibonyeza Tab tena, mashine ikarudi mwanzo.

"Basi hukujaribu. Na dada huyu, kwa kuwa alikuwa peke yake, hakuweza kufuta kitu. Aliyefuta ana macho, ana kipanya, na anaijua nywila yake. Dada, nywila ulipewa na nani?"

"Na fundi huyohuyo."

"Mkurugenzi, orodha mpya ilitangazwa lini?"

"Leo asubuhi."

"Yule bibi wodini ni mama yake fundi huyu, na habari alikuwa nayo tangu jana mchana."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia akiwa amefungwa macho. Kitambaa kilianza kulowa.

"Ni mimi," alisema fundi. "Mama hawezi tena kupanda ngazi. Daktari anaondoka, na mbele yake amebaki mtu mmoja tu. Nikasema yule ni mtoto, atasubiri."

"Uliuliza kama anaweza kusubiri?"

"Niliogopa kuuliza."

"Na mimi je?" aliuliza Dada Sauti.

"Nilidhani watasema umekosea tu. Nilisahau kwamba huwezi."

"Hukusahau, mdogo wangu. Hukunisikiliza."

Daktari bingwa alipoelezwa, aliahirisha safari. Kesho mtoto, keshokutwa bibi. Ushahidi ulinakiliwa, pingu zikatolewa mfukoni.

"Afande, ngoja kwanza," alisema Dada Sauti. "Kabla hujamchukua, anirekebishie."

Inspekta alisimama nyuma ya fundi kama mwalimu mkali. Picha iliondolewa, kikawekwa kitufe halisi chenye jina lake.

"Tayari," alisema fundi.

"Jaribu. Kwa kibodi, macho umefumba."

Akajaribu. Mara hii kweli.

Dada Sauti alivuta kiti, akaandika upya miadi ya yule mtoto. "Jina. Tarehe. Daktari. Thibitisha," ilisoma mashine. Nesi, kwa mazoea, alinyoosha mkono kumsaidia. Alipigwa kofi dogo la vidole.

"Toa mkono wako hapo," alisema Dada Sauti, akabonyeza mwenyewe. "Miadi imethibitishwa," ikasema mashine, na mama wa mtoto akainuka sakafuni.