Mfuko Ndani ya Koti

Kila alasiri Ritha alipotoka shule alipitia kibanda cha baba yake pale Kariakoo, akashona vifungo huku baba akikanyaga cherehani. Siku za kazi Mzee Pantaleo alikuwa fundi nguo, na Jumamosi alipanda jukwaani Magomeni kufanya mazingaombwe. Ritha alijivunia baba huyo kupita kiasi, hata akawatangazia wenzake kwamba baba yake anaona vitu vilivyofichwa. Maneno yakatembea mpaka sokoni.

Siku moja simu ya Mama Moza, muuza vitambaa wa duka la jirani, ilipotea. Akaja kibandani amemkamata mkono Clotilda, msichana aliyemsaidia dukani, na kundi la watu likimfuata. Clotilda alilia akiapa hajaichukua.

"Baba Ritha, wewe unaona," Mama Moza alisema. "Sema tu ni huyu, tumpeleke polisi."

"Mimi sioni chochote usichokiona wewe," baba alijibu, wala hakuacha kushona. "Na simtaji mtu."

Watu wakanung'unika kwamba anamficha mwizi. Mmoja aliapa hatashonesha tena pale, wengine wakaanza kumvuta Clotilda. Ritha alijua balaa hilo limetoka kinywani mwake, na aibu ikamchoma. Lakini hasira iliishinda aibu. Akatwaa koti la jukwaani la baba, akaupindua mkono wa koti hilo, akawaonyesha mfuko ulioshonwa kwa ndani.

"Mayai anayoyapoteza baba jukwaani huingia humu," alisema. "Nilidanganya mimi. Baba haoni vilivyofichwa, na nyinyi hamkumwona Clotilda akiiba. Mwachieni."

Wakamwachia Clotilda. Baba aliitazama siri yake ikining'inia mbele ya soko zima, lakini hakumnyang'anya koti. Alimuuliza tu Mama Moza alikuwa anafanya nini aliposhika simu mara ya mwisho. Akajibu kwamba alikuwa anampimia mteja kitambaa. Wakarudi dukani, wakakunjua majora, simu ikadondoka kutoka katika jora alilolikunja mwenyewe. Mama Moza alimwomba Clotilda msamaha mbele ya watu walewale.

Jioni Ritha alimwomba baba radhi kwa kuitoa siri yake.

"Jukwaani watu wanajua ni kiinimacho, tunacheka pamoja," baba alisema. "Wewe ulidanganya kutafuta sifa tu, na umeona nusura mtu afungwe. Sema kweli, mwanangu, hata soko zima likitaka uongo. Leo umeweza."

Kisha akamsogezea koti na sindano. Mfuko mpya, mahali pengine kabisa, aliushona Ritha.