Vichupa Mdomoni mwa Tanuru

Land Cruiser nyeupe iliingia lango la kiwanda cha matofali bila kupunguza mwendo. Mlinzi akaruka pembeni. Kizuizi kikavunjika kama ubua.

Nyuma yake, Yamaha nyeusi.

Aliyeiendesha aliitwa Nyigu. Kazini, jina lake halisi alilijua Mkuu wake wa idara ya ujasusi tu, na Mkuu huyo sasa alikuwa akimfokea sikioni.

"Nyigu! Uko wapi?"

"Mkiani mwake, Mkuu."

"Boksi?"

"Analo."

"Mtu tunaweza kumpoteza. Boksi, hapana."

"Nimeelewa."

Alielewa kuliko Mkuu alivyodhani.

Ndani ya boksi lile, katikati ya barafu kavu, mlikuwa na vichupa vya vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwenye mifupa ya watoto wenye saratani. Daktari wa maabara ya hospitali kuu alikuwa amegundua jambo: uvimbe uliojaa protini fulani haukusikia dawa mpya iliyoletwa na kampuni moja ya kigeni. Mtoto angetundikiwa dripu, nywele zingenyonyoka, mama angemshukuru Mungu, na huku ugonjwa ukipanda taratibu kuelekea mapafuni. Vichupa ndivyo vilivyokuwa ushahidi. Tena ndivyo ambavyo vingemwonyesha daktari ni mtoto gani abadilishiwe dawa mapema.

Asubuhi hiyo vilitoweka. Kikulacho ki nguoni mwako: mwizi alikuwa fundi wa majokofu wa hospitali hiyo hiyo.

Kichupa kimoja kilikuwa cha binti wa dada yake Nyigu. Goti lilianza kumvimba akiwa bingwa wa kuruka kamba mtaani kwao. Wakadhani ameteguka, wakamkanda kwa maji ya moto. Nyigu hakumwambia mtu idarani. Angesema, kazi hii angepewa mwingine.

Land Cruiser ilifunga breki mbele ya tanuru. Fundi akateremka mbio, boksi kifuani. Mwanamume wa suti ya kijivu alikuwa akimsubiri, ametulia kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Huyo ndiye mjumbe wa kampuni. Wafanyakazi wa tanuru alikwisha kuwafukuza.

"Weka hapo," alisema.

Fundi akaliweka boksi juu ya kitoroli cha chuma. Mjumbe akabonyeza kitufe. Mnyororo ukakaza, kitoroli kikaanza kuserereka kwenye reli kuelekea mdomo mwekundu wa tanuru.

Nyigu hakufunga breki.

Aliielekeza Yamaha kwenye reli, akajitupa. Akabingirika kwenye vumbi la matofali. Pikipiki ikateleza kwa ubavu na kujikita mbele ya kitoroli. Chuma kikasaga chuma. Mnyororo ukakatika.

Kimya.

Kisha risasi.

Ilichana mkono wa jaketi lake na nyama iliyokuwa chini yake. Nyigu akajibanza nyuma ya rundo la matofali, akachomoa Glock, akajibu mara moja tu. Bastola ya mjumbe ilianguka chini pamoja na kidole chake.

Fundi alipiga magoti. "Dada, nisamehe! Waliniambia ni takataka za maabara."

"Ukazima king'ora cha jokofu kwa ajili ya takataka?"



Mjumbe alicheka, damu ikimchuruzika. "Unajua umeokoa nini? Hivyo vichupa havitibu mtu. Vitakuambia tu nani atakufa."

Nyigu alimtazama, kidole chake kikiwa bado kwenye kifyatulio. Joto la tanuru lilimchoma shavu. Hakuna ambaye angemuuliza kama angemmaliza.

"Angalau hatutadanganywa," alisema, akatoa pingu.

Alifungua boksi. Moshi mweupe, baridi, ukamgonga usoni.

"Mkuu. Barafu bado ipo."

"Mjumbe?"

"Hai."

"Umejizuia."

"Kidogo."

Dawa ile iliondolewa wodini kabla jua halijazama. Vipimo vilipokamilika, daktari wa maabara, mama mmoja mfupi asiyepoteza maneno, alimwita Nyigu kwenye chumba kinachonuka spiriti.

"Huyu binti wa goti, wewe ni nani wake?"

"Mama yake mdogo."

"Protini imejaa. Alichokuwa akipewa ni sawa na maji. Tunabadilisha dawa leo. Mguu hatutauokoa."

"Atapona?"

"Watoto wenye kipimo kama hiki, wengi hawaponi. Wapo wanaopona. Kipimo hakinitajii majina." Akavua miwani. "Nimwite mama yake?"

"Niachie mimi."

Dada yake alikuwa ukumbini, chupa ya uji mkononi. "Mdogo wangu, wamesemaje?"

Nyigu aliwahi kuwadanganya mabalozi na majenerali bila kupepesa jicho. Ulimi ulikuwa tayari kufanya kazi yake.

"Keti, dada."

Akamwambia yote. Hakuuruka mguu.

Dada alisikiliza hadi mwisho. Alifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga tena. "Kwa hiyo zile wiki zote alizotapika," alisema, "alikuwa anatapika bure."

"Bure, dada."

"Waliofanya hivyo?"

"Wamo ndani."

Simu ikatetemeka. Mkuu.

"Gari liko nje, Nyigu. Kuna kazi nyingine."

"Mpe mwingine."

Akakata. Akashusha mkono wa jaketi juu ya bandeji mtoto asije akaiona, akatembea taratibu hadi mlango wa wodi ya watoto, akaingia.