Njia Iliyofungwa kwa Michongoma

Nyumba hulindwa na nini hasa? Wako watakaojibu upesi kwamba hulindwa na kufuli, na wengine watasema mbwa mkali. Mimi nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu bila kupata jibu la kuniridhisha. Basi, ndugu zangu, nisikilizeni niwasimulie yaliyomfika Persis, mke wa Manasseh, katika kilima kimoja cha Magwagwa, kisha tutalijibu pamoja.

Boma la Persis lilikuwa na amani. Asubuhi, ukungu ulipokuwa ukiinuka juu ya majani ya chai, yeye alikuwa amekwisha kuketi barazani na cherehani chake, akishona sare za watoto wa shule. Mumewe alikuwa karani mjini Kisii, naye alirejea kila Ijumaa kabla jua halijatua, kwa kuwa walikuwa watu wa Sabato. Katikati ya ua wao ilipita njia ya miguu iliyoteremka hadi chemchemini. Kila mwenye mtungi aliifuata njia hiyo, na kila aliyepita alisalimu. Aliyepita mara nyingi kuliko wote alikuwa Nyanchera, jirani wa upande wa juu, Mkatoliki mwenye ulimi mchangamfu.

"Mama Bosibori," alizoea kumwambia Persis, "cherehani chako kinanguruma kuliko mume wangu akilala."

Wakacheka, na Nyanchera akashika njia yake.

Amani hiyo ilianza kutikisika siku walipohamia nyumba mpya ya mabati. Mwenye kitu ndiye mwenye hofu. Wezi walikuwa wamevunja duka la Nyamweya sokoni, na Manasseh akasema kwamba mwizi hatoki mbali. Huletewa habari na mtu aliyepita akaona. Kati ya wapitaji wote hao, nani ajuaye yupi ana mdomo mwepesi? Persis hakukubaliana naye moyoni, lakini alinyamaza. Na tusimfichie, alikuwa amechoka pia kufagia matope ya nyayo za watu. Wakapanda michongoma kulizunguka boma lote. Ilipopita kimo cha mtu, wakatia lango la mbao lenye kufuli kubwa.

Siku hiyo Nyanchera alifika na mtungi kichwani, akalikuta lango. Persis akamwambia, bila kumtazama usoni, kwamba njia sasa ni kule migombani kwa Onchiri.

"Sawa," Nyanchera akajibu. "Maji nitayapata. Ila salamu, mama, nazo nizipitishie kwa Onchiri?"

Persis akajifanya anatunga uzi sindanoni.

Ikaja Sabato ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mwezi wa Januari mwaka wa 1973. Kando ya cherehani palikuwa na rundo la sare zilizokwisha kukatwa, zinangoja kushonwa. Miongoni mwake ilikuwamo kaptura ya Ratemo, kitinda mimba wa Nyanchera, maana kitambaa kilipokelewa langoni ingawa mwenyewe hakukaribishwa ndani. Jumanne mwalimu mkuu angesimama mlangoni pa shule, na mtoto asiye na sare angerudishwa kwao. Persis alilijua hilo alipofunga dirisha, akafunga mlango, akafunga lango, akaenda kanisani pamoja na watu wake bila wasiwasi wowote.

Waliporudi alasiri, lango lilikuwa limefungwa vilevile. Lakini nyuma ya nyumba michongoma ilikuwa imekatwa chini, pakawa na tundu la kupita mtu, na dirisha limeng'olewa. Kuku aliyepikwa Ijumaa ili Sabato pasiwashwe moto alikuwa ameliwa mezani, mifupa imepangwa vizuri ukingoni mwa sahani. Wezi hao hawakuwa na haraka hata kidogo. Nani angewaona? Blanketi zilikuwa zimechukuliwa, na cherehani hakikuwapo. Vitambaa vya watoto wa watu vilikuwa vimetapakaa sakafuni, vimekanyagwa.

Persis alipanda kwa Nyanchera akiwa na hasira, Manasseh nyuma yake.

"Ulishinda hapa leo," alisema. "Hukusikia kitu?"

"Nilisikia," Nyanchera akajibu. "Nilisikia nyundo. Nikastaajabu, watu wa Sabato wanagonga nyundo Jumamosi? Nikateremka mpaka langoni kwako."

"Ukafika langoni, ukanyamaza?"

"Niliinua mkono nibishe hodi, kisha nikakumbuka maneno yako ya siku ile. Nikajiambia, Nyanchera, ukiulizwa umefuata nini humu, utasema nini? Nikarudi." Akafuta macho kwa upindo wa leso. "Laiti ingekuwa zamani, ningepita tu na mtungi wangu, na hata kama ni shetani angenikuta uani."

 Manasseh alitazama viatu vyake. Walirudi nyumbani, na Persis akaokota vitambaa kimoja kimoja, akilia. Hakulilia chuma peke yake. Alikuwa akiwaona watoto wakirudishwa toka shuleni.

Jumapili, baada ya misa, sauti ilibisha hodi langoni. Alikuwa Nyanchera na wanawake wenzake wanne, sindano zimechomekwa vilembani.

"Tungefika mapema," alisema, "lakini kwa Onchiri ni mbali."

Walitandika mikeka uani, wakashona kwa mkono. Manasseh akawachemshia chai mwenyewe, ikawa na moshi, wakaisifu kwa kumhurumia. Mishono mingine ilipinda kama njia ya mbuzi, lakini jioni rundo lilikuwa limekwisha, na kaptura ya Ratemo ilikuwa juu yake.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Ndugu msomaji, usidhani nakushauri utupe kufuli yako. Funga mlango, imarisha madirisha, wala usimsimulie kila mtu ulicho nacho. Lakini ukuta unaokuficha wewe humficha na mwizi aliye ndani. Jirani uliyemfungia njia hawezi kukulinda, hata akipenda, kwa sababu umemnyima haki ya kuuliza. Cherehani cha Persis hakikuonekana tena hadi leo; hiyo ndiyo gharama ya somo hili, nasi tumelipata bure.

Jioni ile, wanawake walipokuwa wakikunja mikeka, Persis alisimama mbele yao na mbele ya mumewe.

"Kesho lango linang'olewa, na njia inarudi palepale ilipokuwa. Mama Ratemo, kila Jumamosi nikienda kusali, boma langu liko mikononi mwako, uingie bila hodi. Jumapili mkienda misa, mimi nitakuwa kwako. Baba Bosibori ameketi hapa, na amesikia."