Kiungo Kilichokwisha Kutumika

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo. Fundi wa programu alikuwa ofisini, mchana kweupe, mkewe alipompigia simu.

"Mume wangu, nimesahau nywila ya tovuti yenu. Naomba kuibadili, barua pepe inakuja, nikibonyeza kiungo naambiwa kimeshatumika. Kimetumiwa na nani, na barua nimeifungua mimi?"

"Umebonyeza mara mbili, mama. Kiungo kinafanya kazi mara moja tu."

"Mimi si mtoto."

Fundi akakagua kumbukumbu za mtambo. Kila kiungo cha mkewe kilikuwa kimefunguliwa kabla hakijamfikia, tena kutoka kwenye kompyuta ya fundi mwenyewe, iliyokuwa mbele yake. Papo hapo marashi yakatanda chumbani.

"Aisee, umejipulizia nini?" mwenzake wa meza ya pili akatania. "Unanukia kama bibi harusi!"

Fundi akakumbuka. Kabla hajaoa, alipokuwa akijenga sehemu ya kurejesha nywila, alihitaji mtumiaji wa majaribio. Akabuni mwanamke, akamsajili kuwa "mke wangu," na mwaka mzima akamtumia barua za majaribio zenye maneno matamu. Wiki ya harusi alimfuta, akamweka mke wa kweli mahali pake. Hakumuaga.

Tangu hapo mambo yakazidi: simu ya mkewe ikakikataa kidole chake, kisha ufunguo wa nyumba ukagoma kuzunguka mkononi mwake ilhali mkononi mwa mumewe ulizunguka, kisha mama mkwe, aliyezoea kumwita "mwanangu," akamfungulia mlango, akamtazama kwa adabu ya kumtazama mgeni, akamuuliza, "Unamtafuta nani, binti?", na nyuma yake, katika nyumba isiyokuwa na mtu mwingine, vikasikika viatu vya mwanamke vikielekea taratibu chumba cha kulala, vikiburura harufu ile ile.

Fundi akamkimbilia mganga, mwanamke wa maneno machache.

"Ulimwita mke, akaitika," mganga alinong'ona. "Kisha ukamtupa kama ganda la muwa. Mwandikie kama ulivyozoea, umwache waziwazi."

Akaandika, akatuma. Marashi yakafifia, yakatoweka. Fundi akarudi nyumbani mbio, roho nyeupe, akamkuta mkewe mlangoni, ufunguo mkononi.

"Umeingia! Nimemwacha, mke wangu. Leo hii nimemwacha."

"Umechelewa," mkewe akasema kwa upole. "Jana nilishinda kizingitini kama mwombaji. Ikaja barua, ikaniuliza kama nitakubali tukae wawili. Ningefanyaje, baba? Nikabonyeza. Na safari hii kiungo kikafunguka."

"Lakini nimeshamwacha!"

"Ulimwacha kwako. Kwangu amekaribishwa."

Mkewe, ambaye tangu waoane hakuwahi hata kumuuliza alikotoka, akamvuta ndani, akafunga komeo, akachukua simu ya mumewe na kuifungua bila kuulizwa nywila.

"Sasa kaa," akasema, na sauti ya pili ikasema pamoja naye, nyuma kidogo ya sauti yake. "Tuambie. Nani mwingine unamwandikia?"