Dada Yake Hanin

Hanin alipoanguka kwenye ngazi za kituo cha Ataba, pale njia mbili za treni za chini ya ardhi zinapokutana, alilia kama mtoto yeyote wa miaka sita aliyechunika goti. Mama yake, Widad, akamwinua, akampangusa damu, na mtoto akanyamaza. Kilio hakikunyamaza. Kiliendelea kule chini, kwenye njia ya kuelekea jukwaa la pili, sauti ileile, kwikwi zilezile, mpaka treni ilipoingia ikakifunika.

"Mwangwi tu," alisema Widad. Alikuwa mkata tiketi pale kituoni, na alijua jinsi kuta za vigae zinavyorusha sauti.

Ilikuwa alasiri ya Ramadhani, swaumu imemkaba, kichwa kinamgonga. Jirani anayemwangalizia mtoto alikuwa mgonjwa, ndiyo maana alikuja na Hanin kazini. Sasa fanusi ya mtoto, ile ya plastiki inayowaka na kuimba, iliyonunuliwa juzi tu sokoni Muski, ilikuwa imebingirika ngazi zote hadi kwenye reli. Widad alikuwa na hasira na dunia nzima.

Hapo ndipo Shukri, mlinzi wa geti, alipokuja akitweta na kitambi chake. "Jina la Mungu juu yako, binti," akasema, "na juu ya dada yako!"

Sisi watu wa Kairo hatumwinui mtoto aliyeanguka bila maneno hayo. Kila mtu ana nduguye chini ya ardhi, aliyezaliwa naye siku moja. Ukianguka umemwangukia yeye, na adabu ni kumtaja. Hata daktari mwenye shahada tatu, mwanawe akijikwaa, husema hivyo kwanza, ndipo akacheka.

Widad hakucheka. Hanin alimpata baada ya miaka mingi ya sindano na machozi, na walimwambia wazi kwamba hatapata mwingine. Neno dada lilimchoma penye kidonda.

"Dada gani?" alifoka. "Huyu hana dada! Ninaye huyu mmoja tu, sina mwingine, si juu wala chini!"

Shukri alitazama sakafu, kisha akamtazama yeye. "Astaghfirullah," alinong'ona. "Maneno hayo unayasema hapa, dada yangu? Hapa tuliposimama?"

"Kachunge geti lako, Shukri. Na hicho kitambi nacho kifungishe swaumu."

Watu wawili watatu walicheka wakapita. Mdomo huponza kichwa, lakini safari hii ulimponza asiyesema neno.

Nyumbani kwao Bab el-Shaariya waliishi ghorofa ya chini, Widad, mtoto, na mama mkwe wake, Hajja Tafida. Baba yake Hanin alikuwa dereva wa malori, safarini muda wote. Kesho yake Widad alimkuta Hanin amepiga magoti bafuni kwenye tundu la maji, anamega kunafa, kitamutamu cha futari, na kudondosha vipande ndani, kimoja kimoja, kwa upole.

"Unafanya nini wewe?"

"Namlisha. Ana njaa."

"Nani ana njaa?"

"Anauliza kwa nini umesema hayupo."

Widad alimvuta mkono, akaosha bafu zima kwa sabuni, akajiambia kwamba watoto wana mambo yao. Lakini harufu haikuoshika. Ilikuwa harufu aliyoijua, ile ya breki za treni, chuma cha moto na vumbi bichi lisilowahi kuona jua, na sasa ilitoka kwenye godoro la mtoto. Na alasiri ile, nyumba imetulia, Widad akikata majani ya mulukhiya, alisikia chini ya vigae vya jikoni wimbo wa fanusi, ule ule, umekwaruza kidogo, ukipita chini ya miguu yake kuelekea barazani, na mlangoni ukakoma.

Alipokwenda kutazama, mlango ulikuwa wazi, na Hanin hayupo.

Alimwamsha Tafida kwa kilio. Kikongwe yule, ambaye mtaa mzima ulimletea watoto walioshtuliwa na vijicho, aliketi kitandani, akanusa hewa.

"Widad, ulisema nini kule kituoni?"

Widad alimwambia. Alisema kwa sauti ndogo, kwa aibu, kama aliyekamatwa akila mchana.

"Umemkana, mkwe wangu," Tafida alisema. "Umemkana akisikia."

"Mama, si Ramadhani hii? Si mashetani wote wamefungwa minyororo?"

"Wanaofungwa ni mashetani. Huyu si shetani, ni ndugu. Nipe viatu vyangu na chumvi."

Walikwenda kituoni kwa miguu, maana saa ile ya kukaribia magharibi Kairo nzima imekimbilia sahani zake na hakuna gari la kusimama. Wachuuzi wa Muski walikuwa wamekaa kando ya barabara kwenye maturubai yao, tende mkononi, wakisubiri adhana. Tafida alisema njiani huku akihema, na Widad alimsikiliza kwa kila kiungo cha mwili.

"Utawaona wawili. Omba radhi, umwage chumvi hii pale alipoanguka. Halafu sikia vizuri: usimkumbatie atakayekukimbilia. Wa kwako ana woga na goti linamuuma, atasimama mbali akilia. Anayekimbia ni yule asiyewahi kukumbatiwa. Mfuate anayelia."

"Nimfuate anayelia."

"Rudia."

"Anayelia, mama. Nimfuate anayelia."

Shukri alikuwa getini na gilasi yake ya ukwaju. Aliona nyuso zao, akafungua bila kuuliza. "Sijaona mtoto akipita," alisema polepole. "Lakini nimesikia fanusi." Magoti ya Tafida hayakuweza ngazi, akabaki na Shukri getini. Adhana ililia juu, na Widad akashuka peke yake.

Hakuwahi kukiona kituo kile kitupu, yeye aliyekizoea na vikumbo vyake, wauza soksi, wanafunzi na mabibi na mifuko yao, na sasa ngazi za umeme zilikuwa zikipanda bila mtu, taa zikilia mlio mwembamba, na kila alipokanyaga kilisikika chini ya sakafu kiatu kingine kikikanyaga dhidi ya chake, unyayo kwa unyayo, mpaka alipofika pale mwanawe alipoanguka, akamwaga chumvi, akasema nisamehe, nisamehe, sikujua, na upepo ukatoka handakini kabla ya treni yoyote, wa moto, wenye ile harufu ya chuma na vumbi, na katika upepo ule akawaona.

Mmoja alikuwa mbali, mwisho wa jukwaa, karibu na mdomo wa handaki. Alijikunyata ukutani, ameshika goti, analia kwa kwikwi. Wa pili alikuwa karibu, na fanusi yake inawaka. Nguo moja, nywele moja, uso mmoja.

"Mama!" alipiga kelele yule wa karibu, akakimbia, mikono ameifungua.

Widad alikumbuka kila neno la Tafida. Alilikumbuka, na miguu yake ikageukia kule mbali. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mtoto mwenye uso wa Hanin alikuwa anamjia akiita mama, na mikono ya Widad ilifunguka yenyewe. Akamdaka, akamkumbatia, akamlilia shingoni. Treni ikaingia kwa kishindo, ikasimama bila abiria, ikaondoka. Alipoinua macho, mwisho wa jukwaa hapakuwa na mtu.

Juu, Tafida alimshika mtoto kidevu, akamtazama sana.

"Umemfuata aliyelia?"

"Ndiyo, mama," alisema Widad.

Siku zilizobaki za mfungo zilikuwa za furaha, na Widad aliing'ang'ania furaha ile kwa meno. Mtoto alikula vizuri, alilala, alimng'ang'ania mama yake sketi kutwa nzima. Harufu kidogo ilibaki kwenye nywele, lakini nani angetoka kule chini bila vumbi? Kuhusu goti, Widad alimvalisha suruali, na wakati wa kumwogesha alitazama ukutani. Aliogopa, na hakutaka kujua anaogopa nini.

Siku ya Idi alimvalisha gauni jipya. Uchochoro ulijaa watoto na puto, na biskuti zenye sukari ya unga zilizagaa kila kizingiti. Mtoto alikimbia, akajikwaa, akaanguka kifudifudi mbele ya watu.

Widad alimfikia wa kwanza. Safari hii hakungoja kufundishwa. "Jina la Mungu juu yako, mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "na juu ya dada yako!"

Mtoto hakulia. Widad akapandisha gauni, akatazama. Magoti yote mawili yalikuwa laini, hayana kovu, hayana hata alama.

Mtoto alimwekea kiganja shavuni, kwa upole uleule wa kudondosha kunafa.

"Dada yangu hasikii, mama," alisema. "Kule chini treni zina kelele."